Emanueli Kabla ya Noeli: Isaya Alimwambia Nini Ahazi?



Majilio yanapokaribia, swali hili huniijia sana: "Frateri, ni kweli neno 'bikira' halimo kwenye Isaya ya Kiebrania? Kwa hiyo imani yetu imejengwa juu ya kosa la tafsiri?" Mara nyingi anayeuliza ameona video fupi mtandaoni, na imemtikisa. Ni swali halali. Tusilikimbie, na tusimjibu mtu kwa "wewe amini tu".

Fungua Isaya sura ya 7. Ni kama mwaka 735 kabla ya Kristo. Mfalme Ahazi wa Yuda yuko matatani: Resini wa Aramu na Peka wa Israeli wameungana wamng'oe na kuweka mtu wao. Nabii Isaya anamfuata kwenye mfereji wa bwawa la juu, anamwambia atulie, na aombe ishara yoyote kwa Mungu. Ahazi anakataa, tena kwa lugha ya ibada kabisa: eti hataki kumjaribu Bwana! Ukisoma 2 Wafalme 16 unaelewa. Huyu bwana alichukua fedha na dhahabu za Hekalu akampelekea mfalme wa Ashuru aje amwokoe. Ashuru ndiyo aliyoitegemea.

Hapo Isaya anatangaza kuwa Mungu mwenyewe atatoa ishara: atazaliwa mtoto, ataitwa Emanueli, na kabla hajajua kupambanua jema na baya, nchi za wale wafalme wawili zitakuwa zimeachwa. Ona basi, ishara hii ilimhusu Ahazi na siku zake. Wafafanuzi wengi humfikiria mtoto wa ukoo wa Daudi, pengine Hezekia, ingawa Isaya hamtaji. Na kweli, Dameski ilianguka mwaka 732.

Sasa lile neno. Kiebrania kinasema "alma", yaani msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Neno lenyewe halikazi ubikira. Lakini Wayahudi waliotafsiri Isaya kwa Kigiriki, katika Septuaginta, waliandika "parthenos", ambalo kwa kawaida ni bikira. Hao hawakuwa Wakristo waliotaka kutupendelea. Walifanya kazi hiyo kabla Yesu hajazaliwa. Mathayo alipoandika Injili, ndiyo tafsiri aliyoitumia.

Je, Mathayo aliokota aya, akatunga habari ya Bikira ili ilingane nayo? Jibu langu ni hapana, na sababu ni Luka. Luka naye anasimulia kwamba Maria alichukua mimba akiwa bikira, kwa Roho Mtakatifu, lakini hainukuu Isaya 7 kama Mathayo anavyofanya. Maana yake habari hii haikuhitaji aya ile ili isimame. Mathayo hakuanza na aya. Alianza na Yesu, kisha akarudi kwenye Maandiko ya taifa lake na kuona kwamba yale Mungu aliyomwanzia Ahazi yamefikia utimilifu wake.

Hivi ndivyo Kanisa linavyotufundisha kusoma. Kwanza tunatafuta mwandishi alikusudia nini kwa watu wake. Halafu, katika mwanga wa Kristo, tunaona kina kilichokuwemo ndani. Mbegu ya embe si mwembe, ila ukishauona mwembe unajua mbegu ile ilibeba nini. Ndiyo maana tusiwabeze Wayahudi wasiosoma kama sisi. Tume ya Kipapa ya Biblia, katika hati yake ya mwaka 2001, inakiri kwamba usomaji wao wa Maandiko ni usomaji unaowezekana. Anayemdhihaki Myahudi kwa jina la Yesu amesahau kwamba Yesu ni Myahudi, na mama yake pia.

Lakini ndugu yangu, unaweza kushinda mjadala wa "alma" na bado ukabaki Ahazi. Ahazi hakukosa ishara, alikosa kumtumaini Mungu. Nasi tunazo Ashuru zetu. Mchana novena, usiku namba ya mganga iko kwenye simu. Tunaimba kwaya Jumapili, na Jumatatu tunanunua mtihani. Maneno yetu ni ya sala, ila dhahabu ya Hekalu imeshatumwa kwingine.

Mathayo anaanza Injili na jina Emanueli, Mungu pamoja nasi. Anaifunga na Yesu mfufuka akiwaahidi wanafunzi kuwa nao siku zote. Kila kitu kilicho katikati ni ufafanuzi wa jina hilo: Mungu alikaa na wagonjwa, na watoza ushuru, na waliokata tamaa. Hata Ahazi asiyeamini alipewa ishara asiyoiomba.

Wiki hii soma Isaya 7 yote pamoja na Mathayo 1. Kisha kaa kimya dakika tano, ujiulize: Ashuru yangu ni ipi?

Ee Bwana, Emanueli wetu, utuokoe na uchaji wa mdomoni. Utupe moyo wa Maria, aliyekuamini kabla ya kuona. Amina.