Kukata

Stesheni ya Munisagara iko katika bonde la mto Mkondoa, wilayani Kilosa, kwenye Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata reli hiyo kati ya Kilosa na Gulwe, tuta likazolewa na maji, safari zikakatizwa kwa miezi.

Kitenzi hicho, kukata, kimebeba mengi. Aliyekata shauri hasiti tena, aliyekata tamaa hangoji tena, na aliyekata roho, ndiyo basi. Kote huko kilichokuwa kikiendelea kimekoma. Lakini treni ikikata mbuga hakuna kinachokoma, inakwenda mbio! Napenda sana ukaidi huo wa lugha yetu.

Na tiketi je? Katika kitabu cha tiketi kishina hubaki kwa karani, msafiri huchaniwa kipande chake. Hapo kukata kunaonekana kwa macho. Tangu 2024 abiria wa treni ya SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, anaweza kulipia safari kwa simu, pasipo karatasi ya kuchana, na bado tunasema amekata tiketi.