Miaka Tisa ya Augustino Kundini

Tarehe 27 Agosti Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake mwanawe, Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo na mwalimu wa Kanisa. Kila mwaka juma hili tunahubiri juu ya machozi ya mama yaliyomrudisha mwana. Ni mahubiri mema, wala siyaachi. Ila safari hii naomba tukae kidogo na sehemu ya maisha yake ambayo huwa tunaipita mbio: miaka kama tisa aliyokuwa mfuasi wa kundi, na namna alivyotoka.

Ninayo sababu. Wengi wanaokuja kuzungumza nami siku hizi, hasa vijana, wametoka mahali. Wamejitoa kwenye kundi la mtandaoni walikokuwa wakishinda na kukesha, wakiitana kwa majina ya utani, wakipeana pole za misiba, wakibishana juu ya Mungu, siasa na mapenzi. Wengine waligundua uongo ndani yake, wengine walichoshwa na ukali wa maneno, wengine walichoka tu. Wametoka, na sasa wanashangaa mbona moyo unauma kama wa mtu aliyefiwa, ilhali wenzao wengi hawakupata kuonana nao ana kwa ana. Wakieleza nyumbani wanajibiwa kwamba hiyo ni simu tu, iweke chini ulale. Jibu hilo linaniudhi, kwa sababu linamwacha mtu na uchungu wake na kumwongezea aibu. Augustino angemjibu vingine.

Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Akiwa mwanafunzi Karthago, na umri wa miaka 18 hivi, alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, kilichoandikwa kuwahimiza watu waipende hekima. Kilimwasha moto. Akafungua Maandiko Matakatifu akiutafuta moto uleule, akaona lugha yake duni mbele ya ufasaha wa Cicero, akayafunga. Muda si mrefu akaingia kwa Wamani.

Hawa walikuwa wafuasi wa Mani, aliyezaliwa Mesopotamia mwaka 216 na kufia gerezani katika Uajemi. Walifundisha kwamba ulimwengu ni vita kati ya nuru na giza, na kwamba chembe za nuru zimenaswa katika vitu vyote, hata ndani ya matunda. Wateule wao waliishi kwa masharti makali. Wasikilizaji waliwaletea chakula. Augustino alikuwa Msikilizaji. Waliahidi kumfafanulia yote kwa akili bila kumdai imani kwanza, na kijana mwenye akili kali hupenda sana ahadi ya namna hiyo. Tena walimpa nafuu ya dhamiri: ovu unalolitenda hulitendi wewe, ni asili ya giza iliyomo ndani yako.

Hata hivyo, ukisoma kitabu cha nne cha Maungamo yake utaona kwamba kilichomshika zaidi ni watu. Anaeleza jinsi alivyopenda kupiga soga na kucheka nao, kusoma nao vitabu vitamu, kutaniana, kupingana pasipo kinyongo, kumngoja kwa hamu asiyekuwepo na kumpokea kwa furaha arudipo. Aliyaandika hayo akiwa askofu, yapata miaka 20 baadaye, baada ya kuyapinga mafundisho yao hadharani na kwa maandishi, na bado kalamu yake inapata joto anapofika hapo. Mafundisho aliyaita uongo. Joto la wale marafiki hakulikana. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba amelia baada ya kutoka kundini, mwamini. Upendo wa kweli unaweza kukua hata mahali penye mafundisho ya uongo, na ukikatika unatoa damu ileile.

Alianza kutoka kundini kwa swali la hesabu. Vitabu vya Mani vilisema mambo kuhusu jua, mwezi na nyota yasiyolingana na hesabu za wanafalaki, watu waliojua kutabiri kupatwa kwa jua mpaka siku na saa. Kila alipouliza aliambiwa asubiri, Faustus atakuja, Faustus atajibu. Faustus wa Milevis, mwalimu wao mashuhuri, akaja Karthago Augustino akiwa katika mwaka wake wa 29. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye kupendeza. Alipoulizwa, akakiri waziwazi kwamba mambo hayo hayajui. Napenda sana kwamba Augustino hakumdharau kwa hilo. Anasema unyofu huo ulimvutia kuliko elimu aliyokuwa akiitamani, na wakaendelea kusoma fasihi pamoja. Lakini tumaini lake kwa kundi likafia hapo.

Likafa, naye akabaki humo. Mwaka 383 alivuka bahari kwenda Roma, akafikia kwa Msikilizaji mwenzake, akaugua katika nyumba hiyo hadi karibu na kufa. Kazi ya kufundisha usemaji huko Milano, mwaka 384, aliipata kwa msaada wa Wamani walewale. Moyo ulikuwa umetoka zamani. Kitanda, marafiki na riziki vilikuwa bado kwao. Wako wengi katika hali hiyo leo, tena si mitandaoni pekee, na sidhani inafaa kuwaita wanafiki. Mtu haachi nyumba kabla ya kuona pa kulala.

Kisha ukaja utupu. Kwa muda Augustino aliegemea wanafalsafa wa Akademia, waliofundisha kwamba lolote lafaa kutiliwa shaka. Hakuwa Mmani tena, wala hakuwa Mkatoliki. Alikwenda kumsikiliza Ambrosi, askofu wa Milano, akiwa na nia ya kupima usemaji wake tu. Sisi tunaowapenda watu waliotoka namna hii huwa tunaogopa kipindi hicho, tukatamani kumwandikisha mtu mahali pengine upesi kabla ya mwezi kuisha. Monika mwenyewe alimfuata hadi Milano, na alipoambiwa kwamba mwanawe si Mmani tena ila bado hajawa Mkatoliki, anasimuliwa kuwa alitulia, akazidisha sala, akangoja.

Mambo mawili yalimjia Augustino katika utupu ule. La kwanza lilikuwa vitabu vya wafuasi wa Plato, vilivyotafsiriwa kutoka Kigiriki kwenda Kilatini na Marius Victorinus. Wamani walimzoeza kufikiri kwamba kila kilichopo lazima kiwe na mwili, hata Mungu, hata uovu. Vitabu hivi vilimwonesha kwamba kitu kinaweza kuwepo kweli bila kuwa na umbo wala kujaza nafasi, na kwamba uovu hauna ufalme wake: ni upungufu wa wema, wala si kitu kinachojitegemea. Vita kubwa ya nuru na giza, aliyoibeba kichwani tangu ujana, ikakosa mahali pa kusimama. Falsafa haikumpa kundi jipya. Ilimpa nafasi ya kufikiri tena.

La pili ni nyimbo. Mwaka 386 Justina, mama wa kaisari kijana Valentiniano wa Pili, alitaka kanisa moja la Milano wapewe Waario, Wakristo waliokataa kwamba Kristo ni sawa na Baba. Waamini wakakesha ndani ya kanisa pamoja na askofu wao, tayari kufa naye, na Monika alikuwa miongoni mwao. Ili watu wasizimie kwa huzuni na uchovu, Ambrosi akaanzisha desturi ya makanisa ya Mashariki ya kuimba tenzi na zaburi. Tenzi alizotunga zina beti za mishororo minne, kila mshororo una silabi nane. Anayezijua tenzi zetu za Kiswahili anautambua mwendo huo mara moja, maana nasi tunahesabu mizani nane kwa mishororo minne, ingawa za Ambrosi hazina vina kama zetu. Ni kipimo ambacho mtu wa kawaida hukishika kichwani bila kitabu, hata usiku wa manane, hata askari wakiwa mlangoni. Baadhi ya tenzi hizo zimo hadi leo katika Liturujia ya Vipindi.

Habari ya kuongoka kwake katika bustani ya Milano, ya sauti ya mtoto na waraka wa Paulo kwa Warumi, mnaijua. Mimi napenda zaidi kilichofuata. Kifua kilikuwa kikimsumbua, akaacha kufundisha, na vuli ya mwaka 386 akaenda Cassiciacum, kwenye nyumba ya shamba ya rafiki yake Verecundus. Waliokuwa naye hawakuwa wengi: mama yake, mwanawe Adeodatus, ndugu yake Navigius, rafiki yake Alypius, binamu wawili, na wanafunzi wake Licentius na Trygetius. Walifanya kazi za shamba, wakasoma nusu ya kitabu cha Virgil kabla ya chakula cha jioni, wakazungumza, na mwandishi akayanukuu mazungumzo yao.

Usiku mmoja Augustino alikuwa macho gizani akasikia maji ya mfereji nyuma ya bafu yakitoa sauti isiyo sawa, mara kubwa, mara hafifu. Akajiuliza kwa nini. Licentius akagonga ubao kitandani kufukuza panya, ikajulikana kwamba naye hajalala. Kijana akaeleza: majani ya vuli yanaanguka, yanaziba mfereji mwembamba, maji yanajaa nyuma yake, kisha yanayasukuma na kupita. Kutokana na majani hayo wakaanza kujadili kama kuna mpango katika mambo yote, hata yanayoonekana ya ovyo. Asubuhi, njiani, wakakuta majogoo wawili wakipigana mbele ya mlango, wakasimama kutazama: shingo zilizonyooshwa, manyoya yaliyosimama, na uzuri wa ajabu katika kila wanachofanya viumbe hao wasio na akili. Wakaulizana kwa nini kutazama kulipendeza. Mtu aliyetumia miaka tisa akiambiwa kwamba vitu vyenye mwili ni gereza la nuru, sasa amesimama anashangilia jogoo! Kila nisomapo hapo namshukuru Mungu.

Monika aliingia wakiwa katikati ya mjadala, akauliza wamefika wapi, na mwanawe akaagiza swali lake liandikwe. Mama akapinga: tangu lini wanawake wakaingizwa katika vitabu mnavyosoma? Augustino akamjibu kwamba zamani wanawake nao walifanya falsafa, na kwamba falsafa ya mama yake inampendeza sana. Siku nyingine, walipojadili maisha ya heri kwa siku tatu kuanzia tarehe 13 Novemba, siku ya kuzaliwa kwa Augustino, mama akasema kwamba anayetaka mema na kuyapata ana heri, bali anayetaka maovu ni maskini hata akiyapata. Mwanawe akatamka kwamba mama ameiteka ngome yenyewe ya falsafa. Mama huyu hakuwa amesomea usemaji. Katika nyumba ile alikuwa na sauti.

Usiku wa Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi aliwabatiza Augustino, Adeodatus na Alypius. Katika siku zile Augustino alilia sana aliposikia nyimbo za kanisani. Mwaka uleule, wakiwa Ostia njiani kurudi Afrika, Monika alifariki akiwa na miaka 56. Augustino alijizuia kulia. Akaoga akitumaini uchungu utapungua, haukupungua. Akalala. Alipoamka, peke yake kitandani, beti za utenzi wa jioni wa Ambrosi zikamjia, na hapo machozi yakafunguka. Hoja zote alizozijua hazikuwa zimeyafungua. Wale mnaoimba katika kwaya na kudhani kazi yenu ni kuipamba Misa, hebu wafikirieni wanaozihifadhi beti zenu bila ninyi kujua, na siku watakayozihitaji.

Aliporudi Afrika hakuwasahau alioachana nao. Mwaka 391, akiwa padre mpya huko Hippo, alimwandikia Honoratus kitabu juu ya faida ya kuamini. Honoratus alikuwa rafiki wa ujana, na aliyemwingiza kwa Wamani ni Augustino mwenyewe. Katika kitabu hicho hamkejeli. Anaanza na sababu zilizowavuta wote wawili, ile ahadi ya kueleza yote kwa akili, na anakubali kwamba ilikuwa na mvuto. Miaka michache baadaye, akiijibu barua ya Mani mwenyewe, aliwaambia Wamani kwamba waachiwe kuwa wakali wale wasiojua ugumu wa kuipata kweli. Yeye, aliyechelewa kiasi kile, hawezi.

Kama nawe umetoka mahali, huenda yumo bado mtu uliyemwingiza wewe. Mtafute juma hili, yeye peke yake, nje ya kundi. Mwulize habari za nyumbani na afya ya mama yake, na umsikilize mpaka amalize, kabla hujamweleza lolote juu ya kutoka kwako.