Nenda Ukaombe Chumvi



Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, kuanzia mstari wa 23. Nafasi ya Yuda iko wazi. Waumini wapatao mia moja na ishirini wamekutana Yerusalemu, na mbele yao wamesimamishwa watu wawili: Yusufu aitwaye Barsaba, na Mathiya. Wanaomba, wanapiga kura, na Mathiya ndiye anayepata.

Na Barsaba je? Makanisa mangapi yamehubiri juu ya Mathiya, na ni mangapi yamewahi kuuliza usiku ule Barsaba alilala vipi? Naye bila shaka alikuwa na watu wake. Wapo waliomjua toka zamani, waliokuwa na hakika moyoni kwamba ni yeye. Lakini fungua ukurasa. Sura ya pili inawakuta waumini wote chini ya dari moja, na hapo ndipo moto wa Pentekoste ulipowashukia. Ndugu yangu, lau watu wa Barsaba wangerudi makwao na kujifungia milango, moto ule ungewakuta wapi?

Nataka tuseme leo juu ya siku ambayo sisi tulijifungia milango.

Ilikuwa Jumatatu, Agosti 15, 2022. Tulikuwa tumengoja siku sita tangu tupige kura ya urais. Katika ploti yetu hapa Nakuru vyumba vinatazamana, mfereji uko katikati, na jioni ile kila redio ilikuwa Bomas, ukumbi ambako matokeo yalikuwa yakitangazwa. Tuliisikia kwaya ikiimba. Tukasikia kelele, viti vikirushwa, jukwaa likivamiwa. Makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi walikuwa wamekwisha kuwaambia wanahabari kwamba matokeo yatakayosomwa hawayatambui. Kisha mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, akasoma: William Ruto, kura 7,176,141. Raila Odinga, kura 6,942,930.

Upande mmoja wa ploti vifuniko vya sufuria viligongwa hadi watoto waliolala wakaamka. Upande wa pili mama mmoja alikuwa anapika chapati. Alisimama na mwiko mkononi, macho kwenye redio, mpaka chapati ikaungua na moshi ukajaa mlangoni. Akazima jiko. Akaingia ndani, nami nikasikia komeo likibanwa. Saa hiyo hiyo Eldoret walikuwa wakicheza barabarani, na Kondele, Kisumu, matairi yalikuwa yakiwaka.

Kesho yake foleni ya mitungi pale mfereji ilikuwa kimya. Wanawake waliowahi kubebeana watoto wagonjwa usiku wa manane walitazama maji yakijaa, wala hawakutazamana. Mama wa chapati akakipita kibanda cha jirani yake, hatua tano kutoka mlangoni pake, akatembea hadi stejini kununua sukuma wiki ya shilingi ishirini.

Mimi mchungaji wao nilifanya nini? Nakiri mbele yenu. Nilikuwa nimeandaa sala ya shukrani, na sala hiyo ilikuwa na jina moja tu. Jina lenyewe halikutangazwa. Nilikaa kitandani na karatasi ile nikiwaza nimwambie Mungu nini, nikatambua kwamba siku zote sita sikuwa nikimwomba Mungu. Nilikuwa nikimpa maagizo.

Wiki ile neno lililokuwa kwenye kila kinywa lilikuwa hili: haiwezekani. Kwenye matatu, haiwezekani. Kinyozini, haiwezekani. Mtu akisema, "Mimi simjui hata mmoja aliyempigia yule!" Hata miongoni mwa walioshinda, wengi walishangaa, kwa maana waliambiwa serikali yote iko upande wa pili.

Sasa chukueni kalamu. Tofauti ya kura ilikuwa 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000. Gawanya. Utapata watu watano kwa kila kituo. Watano! Katika kila watu mia waliopiga kura, hamsini walikwenda huku na arobaini na tisa wakaenda kule. Aliyekuwa mbele yako kwenye foleni alfajiri ile, aliyekushikia nafasi ukaenda kunywa chai, huenda alipiga kinyume chako. Nawe unasema humjui hata mmoja?

Wapendwa, mshangao wetu ulikuwa ungamo. Tuliungama, bila kujua tunaungama, kwamba tumeishi miaka mingi na watu ambao hatujawahi kuwasikiliza. Tunajua bei ya unga dukani kwao, tunajua watoto wao wanasoma wapi, lakini kilichowauma na walichokitumaini hatukijui. Tulikuwa tumejiunga na vikundi vya simu ambamo kila mtu anasema amina kwa mwenzake, tukadhani hiyo ndiyo Kenya.

Asitokee mtu akasema nahubiri amani ya kufunga watu midomo. Kuna methali isemayo asiyekubali kushindwa si mshindani, na ni methali ya kweli; lakini angalieni ni nani hupenda kuisema. Husemwa na aliyeshinda. Mwenye shaka ana haki ya kuuliza, na kuuliza kwa ukweli ni ibada. Mwaka ule fomu za 34A, zile za matokeo ya kila kituo, ziliwekwa wazi, na nikaona vijana wakikesha na simu zao, wakijumlisha kituo kwa kituo. Hao hawakumkosea mtu. Waliokuwa na malalamiko walikwenda Mahakama ya Juu, na Septemba 5 majaji wote saba wakathibitisha matokeo. Mahakama hiyo hiyo, Septemba 1, 2017, ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais. Mlango wa haki ulikuwepo na watu waliubisha. Ninachokilaani ni ule mlango mwingine, wa jirani kumgeuzia jirani kisogo.

Kwa maana tunajua unaelekea wapi. Baada ya uchaguzi wa 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Januari 1, 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, wanawake na watoto waliokimbilia kanisani walichomewa humo. Kanisani! Na moto ule haukuanza na kiberiti. Ulianza na maneno. Ulianza siku mtu alipomwita jirani yake doadoa, yaani asiye wa hapa, na mwingine akacheka, na mchungaji akanyamaza.

Nisikilizeni basi. Februari 28, 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano, tukawaona wakipeana mikono. Machi 9, 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wakapeana mikono mbele ya Harambee House. Machi 7, 2025, William Ruto na Raila Odinga wakatia sahihi mkataba wa kushirikiana. Mara tatu! Kila mara damu ya wananchi ilikuwa imekwisha kumwagika, na kila mara wakubwa walipata njia ya kuketi meza moja. Siwalaumu kwa kupatana. Kupatana ni jambo la Mungu. Na Raila mwenyewe sasa amelala, tangu Oktoba 2025, na waliompenda na waliompinga walimlilia pamoja.

Lakini wewe! Wewe uliyemfuta rafiki yako kwenye simu mwezi ule wa Agosti, umemrudisha? Wewe uliyetoka kwenye chama cha akina mama kwa sababu mweka hazina alishangilia, umerudi? Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Wakubwa walipogombana hukushika jembe, ulishika jiwe. Wamepatana, na kapu lako ni tupu, na jirani huna.

Mwisho wa ile hadithi ya ploti yetu ni huu. Siku chache baada ya hukumu ya mahakama, mama mzee mmoja, ambaye watoto wote humwita Shosho, alitoka chumbani kwake na kikombe kitupu. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizogonga vifuniko. Akavuka ua, akasimama mbele ya mlango wa mama wa chapati.

"Hodi, mama. Nisaidie chumvi kidogo."

Kimya. Kisha komeo likasogea.

"Karibu, Shosho."

Akapewa kiti. Alikaa muda mrefu, na alipotoka kikombe kilikuwa na chumvi, na nyuma yake mwenye nyumba alikuwa anafuta macho kwa ncha ya leso. Baadaye niligundua kwamba Shosho alikuwa na paketi nzima ya chumvi, haijafunguliwa. Nikamuuliza. Akaniambia: "Mchungaji, ningempelekea unga, angeona ninamringia. Lakini mtu ukimwomba, unamrudishia heshima yake."

Nimesoma vitabu vingi vya theolojia. Hilo sikulipata humo.

Basi ninyi ambao mtu wenu atashinda uchaguzi ujao, nawasihi: msiende kwa aliyeshindwa na mkono uliojaa. Nendeni na kikombe kitupu. Mwulizeni alichokiogopa, mkae kimya mpaka amalize. Furaha yenu iwe na kipimo, kwa maana ukuta wa ploti ni mwembamba.

Ninyi ambao mtu wenu atashindwa: lieni. Ulizeni. Jumlisheni fomu, nendeni mahakamani, semeni kwa sauti. Lakini mtu akibisha hodi, fungueni. Barsaba hakuondoka chumbani, na moto ukamkuta humo.

Na sisi tunaosimama madhabahuni, tutubu kwanza. Tuliwaachia wanasiasa mimbari zetu, tukapokea bahasha, tukawaambia watu ni nani Mungu amempaka mafuta. Matokeo yalipokuja kinyume, tuliwaacha waumini wetu wakidhani ni Mungu aliyeshindwa.

Kura zitapigwa tena Agosti 10, 2027. Usingoje matokeo ndipo ushangae. Anayeishi ng'ambo ya ua ana jambo moyoni, na amelibeba miaka mingi bila wa kumwambia. Jioni hii, jiko likishawaka, chukua kikombe. Hata kama chumvi unayo, vuka ua, piga hodi, omba.

Bwana awape milango inayofunguka. Amina.