Jaketi Lilikuwa la Nani?

Mama alitukataza kuoga katika Bwawa la Hombolo, lakini hakuwahi kusema kwamba tutakufa. Aliuliza swali moja tu: "Nani atawafuata?" Utotoni niliona ni swali la kutisha watoto. Sisi tuliokulia nyanda hizi kavu za Dodoma, ambako maji ni kitu cha ndoo na foleni, wengi hatujui kuogelea. Jibu la mama lilikuwa ndani ya swali lake.

Mwaka jana, baada ya mitihani ya muhula wa kwanza wa uzamili, tulisafiri wanne kupitia Kondoa, Babati na Arusha hadi Ziwa Chala, upande wa mashariki wa Kilimanjaro. Ziwa hilo limo ndani ya kreta, mpaka wa Tanzania na Kenya unalikata, na kina chake kinapita mita 90. Maji yake mengi huingia kupitia chini ya ardhi, yakitokana na mvua ya mlimani. Kwa macho yaliyozoea vumbi, buluu ile inalevya.

Kijana aliyetuongoza, wa rika la mdogo wangu wa mwisho, alituvalisha majaketi okozi kabla ya kupanda kayaki. Tulipofika mbali nikavua langu ili nipigwe picha.

"Kaka, vaa," alisema.

"Usijali, maisha ni yangu."

Nikageuka kuitazama simu, kayaki ikapinduka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Methali haisemi anamtapatapia nani. Mimi nilimkaba shingo yule kijana aliyejitosa kunifuata, nikamzamisha mara mbili. Nakumbuka kichwa chake kikiwa chini ya kiwiko changu, na sikumwachia. Alijinasua kwa kunipiga ngumi ya kifua, akanizunguka, akanivuta kwa nyuma hadi kwenye kayaki ya wenzangu.

Usiku tulibishana. Mmoja alisema ile ni kazi yake, analipwa. Mwingine akamleta John Stuart Mill, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru alitetea kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima katika jambo linalomhusu yeye mwenyewe tu. Hoja hiyo niliiandikia insha na nikapata alama nzuri. Lakini sasa neno "tu" linanisumbua. Pale ziwani alikuwepo mtu ambaye dhamiri yake isingemruhusu kunitazama nikizama. Kuanzia hapo hatari yangu ilikuwa pia yake, na hakuna aliyemuuliza.

Je, basi hakuna ruhusa ya kupanda Kilimanjaro, kwa kuwa wapagazi nao wanaweza kupata ajali? Sidhani. Mpagazi anaujua mzigo, anakubaliana malipo, anaweza kukataa. Kijana yule naye alikubali hatari fulani: kuwaongoza watu wanne waliovaa majaketi. Nilipovua langu nilibadilisha makubaliano yetu peke yangu. Mtaniambia angeweza kutojitosa. Kisheria, labda. Lakini nilikuwa naegemea wema wake bila kujua kwamba naegemea, na kutumia wema wa mtu bila kumwomba ni namna ya wizi. Jaketi lile lilikuwa limeshonwa kwa kifua changu, ila nusu yake ilikuwa ya kumlinda yeye dhidi ya mikono yangu.

Asubuhi nilimpa shilingi 50,000. Alishukuru, akaziweka mfukoni, akaenda kukausha kayaki.

Mama sijamsimulia. Najua hatagomba. Ataniuliza aliyenifuata anaitwa nani, nami sikumuuliza jina lake.