Damu haisemi yote

Wazee husema: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Je, ni kweli ya kwamba damu yatuambia mtu ni wa namna gani? Tutazame kazi moja ya sanaa iliyofanywa huko Marekani.

Chelsea Manning alikuwa askari wa nchi ile. Mwaka wa 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 35, kwa kuwa alitoa nje maandiko ya siri ya serikali. Gerezani hakuruhusiwa kupigwa picha, basi uso wake ukafichika. Ndipo msanii Heather Dewey-Hagborg alipoandikiana naye barua. Mfungwa akamtumia kwa posta nywele zake na mate ya shavuni. Ndani yake msanii akasoma vinasaba, ndizo alama za urithi tunazozipokea kwa baba na mama, akatengeneza nyuso kwa kompyuta. Kazi yao ya mwaka wa 2015 waliiita Radical Love, maana yake upendo unaofika mizizini. Mwaka wa 2017 Manning alifunguliwa, na katika mwaka uleule nyuso 30 zikaonyeshwa mjini New York, zimetundikwa kama kundi la watu.

Ajabu ni hii: mtu mmoja, urithi mmoja, nyuso 30 zisizofanana! Rangi mbalimbali, za kike na za kiume. Sababu yake ni kwamba vinasaba hutoa makisio tu. Yaliyobaki hujazwa na yule anayesoma.

Mtu atasema: Lakini mtoto hufanana na baba yake. Ndiyo, twarithi rangi ya macho, hata magonjwa mengine. Lakini hakuna kinasaba cha mwizi wala cha mwaminifu. Tena watu wote duniani wafanana karibu sehemu 999 katika kila 1,000 za urithi wao.

Kwetu jambo hili si mchezo. Ni wangapi waliotazamwa pua na kimo, wakaambiwa kwamba si wa hapa? Nchini Rwanda, mwaka wa 1994, kabila lililoandikwa katika kitambulisho lilitosha kumwua mtu.

Nywele zilitoa nyuso 30 za kukisia; sauti ya Manning mwenyewe ilikuwa katika barua zake. Basi, tukitaka kumjua jirani, tusianze kuuliza ukoo wake. Tumwulize habari, tukae, tumsikilize akijibu.