Kuipima Tabia

Mgonjwa anapomwuliza daktari kama ana leseni, ambalo ni nadra, huwa anauliza habari ya elimu. Kumbe huko Marekani, ambako kila jimbo lina sheria zake za kuwasimamia madaktari na wauguzi, tangu zamani leseni imedai jambo la pili: tabia njema. Elimu ina mtihani. Je, tabia ina nini?

Swali hili lilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi ile mwaka 1898. Benjamin Hawker, daktari wa New York, alitiwa hatiani mwaka 1878 kwa kosa la kutoa mimba, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Mwaka 1893 jimbo likapitisha sheria ya kumkataza utabibu mtu yeyote aliyepata kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Mwaka 1896 Hawker akashitakiwa tena, safari hii si kwa kumdhuru mtu, bali kwa kutibu tu.

Majaji sita waliiunga mkono sheria. Jaji Brewer, aliyeandika hukumu, alisema hiyo si adhabu ya pili, ni sifa ya kazi. Alikiri kwamba mhalifu anaweza kujirekebisha, lakini akasema watunga sheria wana haki ya kuweka kanuni moja kwa wote. Jaji Harlan na wenzake wawili walikataa. Kwao ilikuwa ni kuongeza adhabu juu ya adhabu.

Moyo wangu uko kwa Harlan. Lakini namfikiria mgonjwa. Yeye huvua nguo mbele ya mtu asiyemjua, humeza asichokijua, na akilazwa usingizi kwa dawa hana hata macho ya kujilinda. Hawezi kuchunguza maisha ya daktari wake. Lazima pawepo wa kumchunguzia. Hapo Brewer ana hoja, tena nzito.

Ninachomlaumu ni kwamba sheria aliyoitetea haikuchunguza. Ilitazama karatasi ya mwaka 1878 ikaridhika. Asiyejua anatomia huambiwa akasome, arudi; aliyekosa tabia haambiwi arudi lini. Naona huo ni uvivu uliovaa joho la uangalifu. (Fundi aliyewahi kuiba mbao nitamwajiri tena, ila nitazihesabu.)

Siku hizi New York, daktari aliyenyang'anywa leseni anaweza kuiomba Bodi ya Regents imrudishie. Hutazamwa kama anajuta, kama amebadilika, na kama amejielimisha upya. Ni kazi ngumu, maana majuto huweza kuigizwa, na wajumbe ni binadamu wa kudanganyika. Hata hivyo, wanamwita mtu, wanamsikiliza, wanamwuliza maswali. Hawker hakuulizwa hata moja juu ya miaka yake baada ya 1878.