Dhamana ya Mhudumu wa Afya Mbele ya Sheria na Mbele ya Mwenyezi Mungu

Mwili wa mwanadamu una heshima yake katika Uislamu, awe hai au maiti. Kuukata, kuuchoma sindano au kuufunua ni mambo ambayo asili yake ni haramu. Yanayoyahalalisha kwa daktari, muuguzi au mkunga ni mawili: elimu ya kazi na idhini ya mgonjwa. Moja likikosekana, anayetibu hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea, hata kama nia yake ilikuwa njema. Msingi wa hukumu hii ni hadithi waliyoipokea Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah, ambamo Mtume Muhammad (S.A.W.) alieleza kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na ujuzi wa tiba ni mdhamini wa alichokiharibu.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika kisa alichokisimulia Jabir bin Abdillah (R.A.). Safarini, mtu mmoja alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha usiku akaota na kupata janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamjibu kuwa maji yapo, kwa hiyo hana ruhusa. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika, akasema wamemuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale walikuwa watu wa dini waliomtakia mwenzao kheri, lakini hilo halikuwaondolea lawama. Basi mhudumu anayebahatisha dozi ya mtoto mchanga kwa kuona haya kumpigia simu aliyemzidi ujuzi, na anayechoma watu sindano nyuma ya duka la dawa bila kusomea kazi hiyo, wana la kujibu.

Watawala wa Kiislamu waliligeuza fundisho hili kuwa sheria mapema sana. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mgonjwa mmoja alikufa mjini Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asiachwe mtu kutibu mpaka atahiniwe na tabibu Sinan bin Thabit, na wanahistoria wanataja waliotahiniwa kuwa zaidi ya 860. Leo Tanzania Bara kazi ya kusajili na kuwawajibisha madaktari iko mikononi mwa Baraza la Madaktari la Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2010. Muislamu anayetii masharti ya leseni yake anatekeleza jambo ambalo dini yake ilikwisha kulitaka.

Hata hivyo si kila madhara ni hatia. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, aliwagawa matabibu kwa kuangalia ujuzi wao, idhini waliyopewa na walivyoitenda kazi. Mjuzi aliyeruhusiwa, akaifanya kazi inavyostahiki bila kuvuka mpaka, kisha mgonjwa akapoteza kiungo au maisha, halipi kitu. Mjuzi ambaye mkono wake umeteleza ukakata pasipotakiwa huwajibika kwa kosa la bahati mbaya, na hapo huingia fidia bila adhabu ya kukusudia. Uadilifu huu ni muhimu. Familia iliyofiwa hospitalini isikimbilie kumshtaki kila muuguzi, maana wapo wagonjwa wanaofariki ilhali kila kitu kimefanywa sawasawa.

Kuhusu idhini, hakuna funzo zito kuliko lile la maradhi ya mwisho ya Mtume (S.A.W.), alilolipokea Bibi Aisha (R.A.) na likathibiti katika Sahihi ya Bukhari. Watu wa nyumba yake walimtia dawa pembeni mwa kinywa naye akiwa taabani. Aliwaashiria wasimpe. Wao wakasema moyoni kwamba ndivyo wagonjwa walivyo, huchukia dawa, wakampa. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile huku yeye akitazama, isipokuwa ami yake Abbas ambaye hakuwapo. Waliompa dawa walikuwa wake zake na jamaa zake, watu waliompenda kuliko nafsi zao. Mapenzi yao hayakuwapa haki ya kuipuuza ishara ya mgonjwa mwenye akili timamu.

Kwa kipimo hicho, fomu iliyowekwa dole gumba na mama mjamzito mlangoni mwa chumba cha upasuaji, bila mtu kumweleza atakatwa wapi na kwa nini, ni karatasi tu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake, inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Dharura ina hukumu yake: aliyezimia baada ya ajali hasubiriwi aamke ndipo atibiwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kumwacha majeruhi avuje damu getini kwa sababu jamaa hawajaleta fedha ni dhulma iliyo wazi.

Siri ya mgonjwa ni amana. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyokutana Brunei mwaka 1993, iliamua kuwa kuifichua bila sababu ya kisheria ni kosa linalostahiki kuadhibiwa, na sababu zinazokubalika ni kama kuzuia madhara makubwa zaidi kwa mtu mwingine au kwa jamii. Tanzania ina sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda majibu ya vipimo. Siri nyingi hutoka kwa njia ndogo: jina linaloitwa kwa sauti kwenye dirisha la dawa, au neno linalodondoshwa msibani.

Lipo kosa lisiloonekana kirahisi na mahakama, nalo ni kumbukumbu za uongo. Mkunga hutakiwa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni kila nusu saa na kuyaandika kwenye patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua. Zamu ikielemewa, wapo wanaoiacha tupu mpaka mama ajifungue, kisha wakaijaza kwa mkupuo: 140, 142, 140, wino mmoja, mwandiko mmoja, saa nane za kipimo ambacho hakikufanyika. Uchache wa wauguzi unaweza kuwa udhuru wa kutopima. Hauwi udhuru wa kuandika kuwa amepima, kwa sababu hiyo ni shahada ya uongo.

Kadhalika fedha ya pembeni, hata ikiitwa asante. Mtume (S.A.W.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, akarudi akisema hiki chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa wazazi wake aone kama ataletewa zawadi. Anayechukua noti ya mgonjwa ili amtangulize foleni, au anayeuza dawa za serikali zilizokuwa za bure, ajiulize swali hilo hilo.

Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Aliyemdhuru mgonjwa kwa uzembe anapaswa kumwambia ukweli yeye au warithi wake, kulipa anachodaiwa na kuomba msamaha. Akinyamaza akastaafu kwa heshima, deni bado ni lake mpaka alilipe au mwenyewe amsamehe.